Shemeji ndiye aliyenilea, leo nimkalishe benchi?

Mama Mshauri,

Salamu nyingi kutoka Arua, huku West Nile, Uganda. Jina langu lihifadhi, na la timu pia, maana mji wetu huu mtu akikohoa Mvara anasikika mpaka Oli.

Mimi ni kocha wa timu ya mpira wa miguu inayocheza ligi ya kanda ya West Nile. Nina miaka 33, leseni yangu ni ya CAF daraja la D, na huu ni msimu wangu wa pili na timu hii. Zimebaki mechi chache, tuko kwenye mbio za kupanda daraja, na ningekuwa mtu mwenye raha zake kama si habari ya namba sita wetu, yule kiungo anayekaa mbele ya mabeki.

Namba sita huyo ndiye nahodha. Ana miaka 37. Hiyo ni ya kweli; ya kwenye leseni ni nyingine, tuiache. Tena ni shemeji yangu, amemuoa dada yangu mkubwa. Baba yetu alifariki nikiwa Senior Two, yaani kidato cha pili. Wakati huo shemeji alikuwa Kampala, anachezea klabu ya ligi kuu, mshahara wenyewe leo upo kesho haupo, lakini ada yangu ililipwa hadi nikamaliza Senior Six. Njumu zangu za kwanza zilikuwa zake, nikazijaza magazeti mbele ili zinikae. Goti lilipomsumbua klabu ikamwacha, akarudi Arua, akafungua gereji ya malori kwenye barabara ya kwenda Vurra. Timu ilipokosa kocha, mlezi wa timu alimfuata yeye kwanza. Akamjibu kwamba bado ana miguu ya kucheza, "mpeni huyu kijana wangu." Ndivyo nilivyopata kazi.

Msimu uliopita hakuna aliyekuwa na neno juu yake. Kabla mpira haujamfikia ameshageuza shingo mara mbili, na kidole kimeshamwonyesha beki wa kulia pa kwenda. Vijana walicheza kwa kumtazama yeye kuliko kunitazama mimi, na sikuona vibaya.

Msimu huu mambo yamebadilika. Tunacheza yeye peke yake chini, na viungo wawili mbele yake, wote wapenda goli. Juzijuzi nyumbani winga wetu alipoteza mpira, wapinzani wakatoka nao mbio. Kijana wao mmoja mwembamba akampita shemeji palepale kwenye duara la kati. Shemeji akanyoosha mkono akamvuta jezi, akala kadi ya njano. Haukupita muda, kijana yuleyule, njia ileile. Safari hii hakuweza kumvuta, angetolewa. Alikimbia nyuma yake, mama, nami nimesimama pale naona umbali unaongezeka. Goli. Jamaa mmoja chini ya mwembe akapaza sauti: "Mrudisheni babu nyumbani akale posho!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mpwa wangu, mtoto wake wa miaka kumi, alikuwa nyuma ya goli anaokota mipira.

Anayeingojea nafasi hiyo ni kijana wa Koboko, miaka 19. Huyu hajui kuchoka. Anakaba, anaanguka, anainuka, anakaba tena. Shida inaanza akiupata mpira: anaupiga kokote. Nilimwingiza kipindi cha pili kwenye mechi ya ugenini, tukaacha kupitwa katikati, lakini tukafungwa kwa kona kwa sababu hakuna aliyewapanga watu. Nahodha alikuwa benchi anapiga kelele namba tano akae nguzo ya kwanza. Hakusikika.

Mlezi wa timu, ambaye ndiye anayelipa basi na chakula, ameniambia wazi: "Mimi nataka kupanda, sifugi wazee." Dada naye alinipigia simu: "Mdogo wangu, usimwaibishe mume wangu." Shemeji mwenyewe anasema huu ni msimu wake wa mwisho na anataka aache mpira timu ikiwa imepanda. Zaidi ya hapo hajasema, nami sijamuuliza.

Kikosi huwa nakisoma Ijumaa jioni baada ya mazoezi. Ijumaa iliyopita nilipomtaja kwenye namba sita, hakuna aliyetia neno. Kijana wa Koboko aliinama akaanza kufungua kamba za viatu, taratibu sana.

Nikimweka benchi, watu watasema fadhila ya punda ni mateke. Nikimwanzisha tukakosa kupanda, watasema timu nimeigeuza mali ya ukoo. Niambie, mama: mchezaji wa umri huu bado anastahili kuanza? Na kama hastahili, nani atamwambia?

Kocha asiyelala, Arua

*

Mwanangu Kocha,

Barua yako niliisoma, kisha nikamsomea mzee wangu wa nyumbani, maana yeye ndiye anayeacha chakula kipoe kwa ajili ya mpira. Tulibishana hadi tukagombania taa. Yeye yuko upande wa kijana wa Koboko moja kwa moja. Mimi sijafika upande wowote, na nakwambia mapema usisome hadi mwisho ukitegemea nitafika.

Nilichokisikia ni hiki. Una mtu aliyekulea, aliyekulipia ada, aliyekupa viatu na baadaye akakupa kazi. Mtu huyo sasa yuko chini ya amri yako kila jioni, na miguu yake imeanza kumsaliti mbele za watu. Mwenye fedha anataka aondoke, mkewe hataki aaibike, wachezaji wamenyamaza, na wewe ndiye unayeshika karatasi ya majina. Pole sana. Makocha wengi wamewahi kuweka wazee benchi. Wachache walimweka mtu ambaye wakitoka uwanjani wanakwenda kula kwake.

Ila swali lako umelipanga kwa namna ambayo haiwezi kukupa usingizi. Umeliweka kama hesabu ya haki: huyu ametenda mengi, je, nafasi ni yake? Kwa aliyoyatenda, shemeji yako anastahili makubwa kuliko namba sita ya timu ya kanda. Ada ya kuanzia pale baba alipofariki mpaka Senior Six hailipwi kwa dakika 90 za Jumamosi, hata angeanza mechi zote hadi mwakani. Deni hilo ni la kweli na nisingependa ulisahau. Lakini litazame vizuri ni la nani. Kijana wa Koboko hakusomeshwa na shemeji yako. Wale mabeki wanaobaki wawili dhidi ya watatu hawakuvaa njumu zake. Ukilipa kwa nafasi ya kikosi, wanaolipa ni wao.

Ukishaliondoa deni hapo, linabaki swali dogo na la kawaida ambalo kocha yeyote wa ligi ya kanda hujiuliza: Jumamosi hii, dhidi ya timu hii, kwenye uwanja huu, nani pale katikati atatusaidia zaidi? Swali hilo nalo halina jibu la mara moja. Ndilo nataka tukae nalo kidogo.

Turudi kwenye lile goli, maana umelieleza kwa namna inayoonyesha limekuwa likijirudia kichwani mwako. Aliyepoteza mpira ni winga. Wale viungo wawili wapenda goli walikuwa wapi? Mabeki wa pembeni walikuwa wapi? Umemwachia mtu mmoja upana wote wa uwanja, mashambulizi ya kushtukiza yanapita kwake mara mbili, halafu uwanja mzima unacheka. Kijana wa miaka 24 angepitwa pale pia, labda kwa hatua chache pungufu. Sisemi shemeji hajachoka; wewe umeuona ule umbali ukiongezeka, mimi sikuwepo. Nasema lile goli lina watu wengi ndani yake, na jamaa wa chini ya mwembe alimwona mmoja tu.

Umri hauli kila kitu cha kiungo kwa siku moja. Kinachotangulia kuondoka ni mbio fupi za kurudiarudia, kugeuka ghafla, na ule uwezo wa kucheza Jumatano ukaamka mzima Jumamosi. Kutazama pande zote kabla ya kupokea, pasi, kujua mpira utaangukia wapi, hayo hukaa muda mrefu. Ndiyo maana Andrea Pirlo, kiungo wa Italia, ambaye Milan walimwacha aondoke bure 2011 akiwa na miaka 32, alikwenda Juventus akachukua ubingwa wa Italia misimu minne mfululizo, na mwaka 2015 akacheza fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya akiwa na 36. Lakini tazama nani alikuwa kando yake: Vidal na Marchisio, watu wa kukimbia. Kufukuzana na mawinga haikuwa kazi ya Pirlo. Wewe umempa shemeji kazi ya Pirlo, na ya Vidal ukamwongezea.

Kwetu hapa mfano ni kiungo Khalid Aucho wa Jinja. Alipofika Yanga ya Tanzania 2021 alikuwa na 28, akakaa misimu minne, na kila msimu Yanga wakawa mabingwa. Akavuka 30 na bado jina lake ndilo lililoandikwa kwanza pale katikati, na kitambaa cha unahodha wa Cranes, timu yetu ya taifa, akakivaa. Watu wenu wa kibandani wote wanalijua hilo na najua watakutajia.

Usikubali wakulaze kwa majina haya. Aucho alikuwa amevuka 30, si 37. Luka Modrić, kiungo wa Croatia mzaliwa wa 1985, ni kweli ameendelea kucheza juu, lakini msimu wa 2023/24 pale Madrid mara nyingi alianzia benchi, na huyo ni mtu mwenye Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, nyumbani kwake. Halafu hawa wana madaktari, wana watu wa kukanda misuli, wana nyasi zinazomwagiliwa. Shemeji yako Alhamisi amelala chali chini ya lori anafungua gia boksi, na Jumamosi unamtaka akabe kwenye vumbi, jua la saa kumi. Hapo nina swali ambalo barua yako haikuligusa: umewahi kumpunguzia mazoezi ya katikati ya wiki? Inawezekana unayemwona Jumamosi si mtu wa miaka 37 tu, ni mtu wa miaka 37 aliyechoka tangu Jumanne. Kumpumzisha Jumanne ni jambo dogo. Lakini nalo lina gharama yake, maana vijana watauliza kwa nini shemeji wa kocha anakaa nyumbani wao wakizunguka uwanja.

Ipo njia ya kuwaweka wote wawili, kijana akae kando yake pale chini, shemeji apange na kijana akimbie. Mzee wangu aliposikia hili akasema mambo yamekwisha, akalala. Mimi naiogopa kidogo. Utalazimika kumtoa mmoja wa wapenda goli, nanyi mnahitaji magoli ili mpande. Tena kijana anaweza kugeuka kuwa miguu ya mwenzake tu: anapora mpira, anaukabidhi, anapora tena, hadi msimu unakwisha hajajifunza kuupokea yeye mwenyewe. Kwa upande mwingine, kule kugeuza shingo mara mbili hakufundishwi kwa maneno, na hakuna mahali pazuri pa kukuona kuliko umbali wa hatua tano. Nani kati yetu anajua litatokea lipi? Ningelijaribu kwanza kwenye mazoezi, kikosi cha kwanza dhidi ya cha pili, kabla sijalijaribu mbele ya mwembe.

Njia nyingine ni aanze kijana, shemeji aingie baadaye. Sheria ya kubadilisha wachezaji watano imethibitishwa tangu 2022, hivyo kama kanuni za ligi yenu zinaifuata huna uhaba wa nafasi. Hapa watu hupenda kumtaja Roger Milla: Italia 1990, miaka 38, kila mechi anatokea benchi, magoli manne, Cameroon robo fainali. Vizuri. Lakini Milla alikuwa mshambuliaji, alikuwa anawaingilia mabeki waliokwisha pumzi. Mpanga watu akiingia dakika ya 65 mko nyuma mawili, apange nini? Atapewa lawama za mechi ambayo hakuianza. Na mwili wa umri ule hauwaki haraka, unahitaji kupashwa muda mrefu kando ya mstari, mbele ya jamaa walewale wa posho. Ila kama mnaongoza kwa moja na zimebaki dakika ishirini, ile kona iliyowafunga ugenini ndiyo kazi yake hasa. Kwa hiyo benchi inaweza kuwa mahali pa heshima kwa mechi ya namba fulani, na ikawa adhabu kwa mechi ya namba nyingine. Ukimweka benchi, mwambie unamweka kwa ajili ya mechi ipi.

Kuhusu kumrudisha nyuma awe beki wa kati, sijui kama umewahi kuliwaza. Lothar Matthäus wa Ujerumani, kiungo kwa sehemu kubwa ya maisha yake, alirudi kuwa beki wa mwisho na akacheza Kombe la Dunia 1998 akiwa na 37, umri uleule wa shemeji yako. Mwaka uliofuata, Mei 1999, Bayern walikuwa mjini Barcelona kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa, wanaongoza 1-0 dhidi ya Manchester United, Matthäus ana 38. Dakika ya 80 akatolewa. Dakika za nyongeza United wakafunga mawili, na yote mawili yalitokana na kona.

Nimeirudia habari hii kichwani tangu nisome barua yako, kwa sababu ya zile kona. Angebaki, labda angewapanga watu. Labda pia angesimama pale miguu imekwisha na mpira ungempita vilevile. Kocha wao, Ottmar Hitzfeld, hakuwa na njia ya kujaribu yote mawili. Aliamua, akaumia mbele ya dunia nzima, akabaki kocha wa timu ileile, na 2001 akalichukua kombe hilo. Wewe unataka uamuzi ambao ukikosea hakuna atakayekulaumu. Mwanangu, kwenye karatasi yako ya Ijumaa uamuzi huo haupo.

Mlezi wa timu sina mengi juu yake. Anayelipa basi ana haki ya kuuliza, kuandika kikosi si haki yake. Angalia tu usimtoe shemeji ili mlezi afurahi, na usimwanzishe ili kumwonyesha mlezi kwamba humwogopi. Yote mawili ni yeye anayepanga timu.

Sasa dada yako. Hapa ndipo nadhani umesikia nusu. Alisema usimwaibishe mume wangu, nawe ukasikia usimweke benchi. Huenda ndivyo alivyomaanisha. Lakini fikiria nyumba ile Jumamosi ile usiku. Mtoto amerudi na mipira yake amenyamaza, au hakunyamaza, ameuliza kwa nini watu walimcheka baba. Anayelikanda lile goti kwa maji ya moto ni nani? Mwanamke huyo anaweza kuwa anaogopa benchi. Anaweza pia kuwa anaogopa jezi yenyewe, anaogopa Jumamosi nyingine ya kicheko, ila hawezi kumwambia mumewe apumzike kwa sababu mpira ndio uliomwoa kabla yake. Sijui ni lipi. Wewe ni mdogo wake, unaweza kwenda mchana shemeji akiwa gereji, ukala, ukamuuliza: dada, aibu unayoiogopa ni ipi? Usiende kumwomba ruhusa, na usimbebeshe ujumbe ampelekee mumewe. Nenda usikie tu.

Na kuhusu fadhila ya punda, watu wameshaanza kusema, na wanasema kwa kicheko. Hofu yako ni kwamba ukimtoa watakuita mtovu wa shukrani. Lakini jiulize kwa upole: kumwacha pale katikati, peke yake, mkikosa kupanda huku jina lake likiwa ndilo la kwanza kutajwa, ndiyo shukrani? Inawezekana ni hivyo, kama mwenyewe anataka kupigana hadi dakika ya mwisho na yuko tayari kwa lolote. Wapo watu wa namna hiyo na nawaheshimu. Wapo pia wa namna ya Toni Kroos, kiungo Mjerumani wa Real Madrid, aliyeacha mpira 2024 akiwa na 34, bado anaanza, kombe mkononi, kwa sababu hakutaka mtu mwingine amchagulie siku. Shemeji yako ni wa kundi lipi? Wewe umeishi naye miaka yote hii, lakini jambo hili hujamuuliza. Yeye naye huenda ananyamaza akingoja wewe uanze, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa na hataki kuonekana anamtisha kocha wake.

Uliuliza nani atamwambia. Kwa desturi zetu jambo zito humtafutia mtu mzima wa kulibeba, na najua umeshafikiria kumtuma mjomba fulani. Linaweza kusaidia, hasa kama shemeji ni mtu wa hasira. Linaloniogofya ni kwamba mjomba akishaingia, suala la kikosi linageuka kesi ya familia, na kesi ya familia ina kumbukumbu ndefu. Atakuwa amehukumiwa na ukoo wa mkewe kwa kosa la kuzeeka. Afadhali sauti yako ikitetemeka lakini ni yako.

Nenda gerejini, jioni, wafanyakazi wake wakishaondoka. Si nyumbani, kule watoto wanasikiliza ukutani. Si uwanjani, kule wewe ni mkubwa wake. Gerejini yeye ndiye mwenye mahali, atakuvutia kiti. Salimu kama unavyomsalimu siku zote. Halafu jihoji kabla hujafungua mdomo: umeshaamua, au bado? Kama umeshaamua, mwambie uamuzi, usijifanye unamwomba ushauri. Mtu aliyecheza ligi kuu Kampala ameshaitwa ofisini na mameneja, anaijua sauti hiyo. Kama hujaamua, basi uliza kweli na uwe tayari kwa jibu usilolipenda. "Shemeji, nimekuja kwa habari ya namba sita. Wewe unaionaje ukiwa mle ndani?" Kisha nyamaza. Usimwahi kwa kumsifia, wala usimwahi kwa kumkumbusha ada, kwa sababu ukiitaja ada wewe, naye itabidi aijibu.

Anaweza kukasirika. Anaweza kuvua kitambaa akakuachia mezani, na wachezaji watatu wakamfuata. Anaweza kukwambia nilikuwa nakungoja wewe, mbona umechelewa. Anaweza pia kukwambia nipe mechi mbili na kijana kando yangu, nikishindwa nitatoka mwenyewe, na hapo utakuwa na neno la mtu mzima badala ya makisio yako. Kama utawaza kumpa kazi ya kukusaidia ukocha, wazo ni zuri, mtu anayewapanga watu kwa kidole ana cha kufundisha. Ila usiliweke mezani siku hiyohiyo. Litanuka kifuta machozi.

Jambo moja zaidi, na hili halina shemeji ndani yake. Yule kijana aliyekuwa anafungua kamba za viatu naye anahitaji kuambiwa, awe ataanza au hataanza. Mweleze unataka nini kwake akiwa na mpira, maana nadhani hadi sasa amesikia tu anachokosea. Mwite kabla ya Ijumaa, asije akaipata habari yake kwa watu wa boda.